Mbuzi Aliyepigwa Muhuri wa Serikali

Vijana wangu wa ofisini, siku ile ya keki mlinizunguka mkaniambia, "Bi Mwanamisi, usiondoke na mambo yote kichwani, tuandikie." Nikaitikia ili mnipishe nile. Sasa huu ni mwezi wa pili niko nyumbani. Kuku wamenizoea, na jirani yangu ameanza kupita nyuma ya nyumba kila akiniona nimekaa barazani, basi naandika. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hayo mnayajua, na msiyoyajua mtayazua. Mimi nitawasimulia mtoto mmoja na muhuri mmoja, kisha nitakiri jambo ambalo halimo katika faili lolote mlilorithi kwangu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Afisa wa watoto niliyemkuta, marehemu Bi Saumu, aliniangalia miguu akasema, "Mwanangu, hivyo ni vya harusini," akanipa buti za mpira zilizonizidi saizi mbili. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, kwenye barabara ya kwenda Msambweni. Ndani mlikuwa na meza, viti viwili na nusu, na kabati la chuma ambalo halikufunguka ila kwa teke. Bi Saumu alinifundisha mahali pa kulipiga teke kabati. Alinifundisha kufika nyumba za watu asubuhi mapema, kwa kuwa ikishafika saa nne kila mtu ameshatunga maneno yake. Na aliniambia, "Usiulize tu mtoto amefanya nini. Uliza na watu wazima walifanya nini baada ya hapo." Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari, nikalifunga, sikulifungua tena kwa miaka karibu ishirini.

Kifaa kikubwa pale kilikuwa muhuri. Ulikuwa na mpini wa mti na tarehe ya kuzungusha kwa kidole, na juu yake pameandikwa IMEIDHINISHWA. Ninyi mna kompyuta na neno la siri, hamwezi kujua heshima ya kitu kile. Barua isiyo na muhuri ilikuwa karatasi ya kufungia karanga. Bi Saumu alipostaafu alinikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga, akaniambia nisiuache mezani hata nikienda msalani.

Sasa kuhusu Riziki. Asubuhi moja aliingia mama mmoja kijana, mkono wake umefungwa kwa kipande cha leso, nyuma yake mtoto wa kike wa miaka minane mwenye nywele zimesukwa upande mmoja tu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kumshitaki mwanangu."

Mama Riziki alikuwa akifua mashuka ya nyumba za wageni kule Diani. Mume alikwenda Samburu kufuata kazi ya malori, akapata huko nyumba nyingine, akawa mtu wa kusikika kwa simu siku za sikukuu. Mashitaka yenyewe yalikuwa marefu. Riziki alikuwa amemfungia mwalimu mkuu ndani ya stoo ya mahindi mpaka alasiri. Alikuwa amekusanya viatu vya watu wote waliokuja kwenye hitima, jozi kwa jozi, akavitumbukiza kisimani, na shehe mwenyewe akarudi kwao pekupeku. Hayo nilijikaza nisicheke. Lakini alikuwa pia amempasua mtoto wa jirani kichwa kwa jiwe, mtoto akashonwa. Na ule mkono wenye leso, alipoufungua, palikuwa na alama za meno, zimeingia ndani.

"Nampenda," akasema, "na namwogopa. Mama gani anamwogopa mtoto wa miaka minane?" Akalia pale pale, amesimama. Riziki alikuwa akihesabu misumari ya ukutani.

Msidhani mama yule alikuwa amekaa tu. Fimbo ilijaribiwa, ikavunjika. Riziki alipelekwa kwa walimu watatu wa dini akanywa makombe, yale maji ya aya zilizooshwa, na alipoulizwa anaendeleaje alijibu kwamba la mwalimu wa pili lilikuwa na marashi mazuri zaidi. Akapelekwa kwa mganga bara ya Kinango, akarudi na hirizi, akaibadilisha kwa mtoto mwenzake kwa nusu andazi. Majirani wa bara wakamwombea kanisani kwao. Akatoka na ngoma yao ndogo. Na kila aliyepita kibarazani alimwachia mama methali. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto umleavyo. Mama wa watu alikuwa ameshiba methali, na hakuna hata moja iliyomwambia kesho asubuhi aanze na nini.

Mimi nilifanya tulichokuwa tukifanya siku zote. Niliandika barua. Niliipeleka shuleni, na shule ikaandika kwamba tatizo liko nyumbani. Ikaenda zahanati, wakaandika kwamba mtoto ni mzima na meno yake ni imara. Ikaenda kwa naibu wa chifu, akaandika kwamba jambo lipelekwe kwa afisa wa watoto. Baada ya wiki sita ikanifikia mezani, ina mihuri minne, ikinitaka mimi nichukue hatua za haraka. Niliisoma nikamkasirikia sana afisa aliyeiandika, mpaka nilipofika kwenye sahihi yangu.

Wakati huo mkubwa wangu alikuwa Bwana Mutua, mtu wa bara, mchapa kazi, anayeamini kwamba jambo lisilokuwa kwenye fomu halijatokea. Wanakijiji walikuwa wameshamletea karatasi yenye sahihi na vidole gumba, wakitaka Riziki aondolewe. Shule nayo ilisema muhula ujao haimpokei. Bwana Mutua akaniita.

"Madam, hii maneno iishe. Tunaandikia korti, mtoto anaenda shule ya kurekebisha tabia, huko bara. Akifika eighteen atarudi."

"Miaka kumi, Bwana Mutua?"

"Sasa utafanya nini? Lakini lazima tushuhudie tabia kwanza. Fomu inataka mashahidi watano."

Hivyo ndivyo kilivyoitishwa kikao cha kushuhudia tabia. Tulikaa ofisini mwetu mimi, Bwana Mutua, mwalimu mkuu, naibu wa chifu na bwana mmoja wa kilimo aliyeletwa kutimiza idadi. Kulikuwa na chai ya maziwa na sahani ya mahamri. Riziki alikalishwa katikati, mama yake pembeni, na sote watano tukamkodolea macho, kalamu mkononi, tukingoja afanye ubaya.

Hakufanya. Alikaa ameshikanisha magoti. Baada ya nusu saa alimwona bwana wa kilimo kikombe chake kimeisha, akainuka, akammiminia chai bila kumwaga tone. Akasema, "Karibu mahamri, baba." Bwana wa kilimo, ambaye hakuijua kesi, akatuuliza kwa sauti ya chini kama huyu ndiye mtoto mwenyewe au ni dada yake.

Bwana Mutua akaanza kuona fomu inabaki tupu. Akamwambia mwalimu mkuu amkumbushe ile stoo. Mwalimu mkuu akamkumbusha. Riziki akasema, "Samahani, mwalimu." Naibu wa chifu akaweka kofia yake sakafuni makusudi, karibu na mguu wa mtoto. Riziki akaiokota, akaipangusa, akamrudishia. Saa ya pili ilipoingia lilibaki hamri moja, mwalimu mkuu akasema ni lake kwa kuwa yeye ndiye mdhulumiwa, naibu wa chifu akasema yeye hajala hata moja, na hapo wakakumbushana mambo ya ardhi ya shule. Kiti nusu kikavunjika. Chai ikamwagikia fomu. Katika watu saba waliokuwa mle chumbani, aliyekuwa na tabia njema peke yake alikuwa Riziki, na mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao, kwa hiyo naweza kuapa.

Jioni yake Bwana Mutua alitia sahihi barua ya mahakamani hata hivyo, kwa sababu wanakijiji walikuwa wakingoja. "Piga stamp, Madam, kesho iende." Nikageuka kuchukua muhuri. Muhuri haukuwapo, wala kile kibati chake cha wino.

Tuliutafuta mpaka chini ya mkeka. Nilikuwa nimeuacha mezani wakati nikiamua ugomvi wa hamri, na Bi Saumu alikuwa ameshanionya. Kesho yake tukaandika kuomba muhuri mpya. Ombi likarudi baada ya wiki tatu: halikupigwa muhuri. Tukaandika kueleza kwamba ndiyo sababu ya kuomba. Maelezo yakarudi: hayakupigwa muhuri. Bwana Mutua akanitazama kama mimi ndiye niliyeitunga serikali, akaniambia niende nyumbani kwa yule mtoto nikapekue.

Nilifika asubuhi mapema na buti zangu. Mlangoni pamefungwa mbuzi mweupe. Ubavuni mwake, kwa wino wa buluu, pameandikwa vizuri kabisa: IMEIDHINISHWA, na tarehe ya siku ya kikao. Mapapai mawili yaliyokuwa dirishani nayo yalikuwa yameidhinishwa. Riziki alikuwa nyuma ya nyumba. Aliponiona akakimbia, akaingia kichakani. Nikamuuliza mama yake muhuri uko wapi, akaapa kwamba hajui mtoto anauficha wapi. Kisha nikamwambia kuhusu barua. Nilimwambia ukweli, kwamba ina sahihi, kwamba kilichobaki ni muhuri, na muhuri ukipatikana Riziki anaondoka kwa miaka kumi.

Mama Riziki alikaa chini kwenye mchanga. Hakulia safari hii. Akasema, "Basi mwambie mjomba wake. Mimi mambo hayo siwezi kuyaamua peke yangu."

Nilisimama pale nikaona haya. Vijana, mimi ni Mdigo wa kuzaliwa. Nimelelewa na mjomba wangu, nimeozwa na mjomba wangu, na nilipotaka kusoma ni mjomba aliyekubali au kukataa. Najua kwetu mtoto hana neno lililokamilika bila kaka ya mama yake. Lakini fomu ilikuwa na mstari wa baba na mstari wa mama, na mimi kwa muda wote ule nilikuwa nikijaza mistari. Nilikuwa nimeandika barua tatu kwa mwanamume aliyeko Samburu, na kaka ya mama, aliyekuwa akifanya kazi Galu, mwendo wa pikipiki tu, sikumuuliza hata jina.

Aliitwa Rashidi. Nilimkuta nyuma ya mkahawa wa hoteli moja, amevaa sare ya kijani, manati imening'inia shingoni. Kazi yake, aliyoifanya kwa uso mkavu kabisa, ilikuwa kuwazuia tumbili wasiwapokonye wageni kifungua kinywa.

"Wawapiga kwa hiyo manati?" nikamuuliza baada ya salamu.

"Miaka sita sijampiga hata mmoja, Bi. Hii ni ya wageni. Wakiiona wanatulia."

"Na tumbili?"

"Tumbili hawana tatizo. Wako kazini kama mimi. Kaa hapo utazame."

Nikakaa. Tumbili mmoja alikuwa ukutani, ametulia, anajikuna. Hakuna aliyemjali. Mara akashuka, akavuta kitambaa cha meza, vikombe vikapasuka. Lo, wageni wote wakainuka, huyu anapiga kelele, huyu anapiga picha, na mzee mmoja mwenye kofia akamrushia kipande cha mkate ili aondoke. Akaondoka. Hazikupita dakika tano akarudi na wenzake wanne.

"Umeona?" Rashidi akasema. "Alipotulia hakupata kitu. Alipovunja vikombe amepata mkate, amepata na picha. Kesho atafanya lipi?"

Nilikasirika. Nikamwambia kwa ukali kwamba sikupanda pikipiki kuja kusikia mtoto wa watu akifananishwa na tumbili, tena na mjomba wake.

"Hasha," akasema, na hakupandisha sauti. "Mpwa wangu ni mtu kama wewe. Mimi nasema sisi ndio wale wageni. Riziki akikaa kimya, nani humtazama? Mama yake yuko kwenye karai la mashuka alfajiri hadi jioni. Akitupa jiwe kijiji kizima kinatoka. Siku ile ya viatu walikuja watu mpaka kutoka Matuga."

Nikakumbuka kikao. Watu wazima watano walikaa saa mbili wakimtazama mtoto yule, wakimngoja, wakipokea chai mkononi mwake na kusema ahsante. Labda zilikuwa saa mbili nzuri kuliko zote alizowahi kupata, na sisi tulikuwa tunangoja aziharibu.

"Mbona hukutuambia?"

"Barua zenu zilimwita baba yake," akasema. "Mimi si baba yake."

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Sista Kadzo, muuguzi wa afya ya akili aliyekuwa akija zahanati yetu kila Alhamisi. Nilimweleza yote, pamoja na tumbili. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Bi Mwanamisi, hayo ndiyo niliyowafundisha kwenye semina. Ulikuja wewe. Ulikula sambusa nne."

"Nakumbuka sambusa."

"Niliwapa na kijitabu. Chako kiko wapi?"

"Kinatumika," nikasema, na hapo sikusema uongo. Kilikuwa chini ya mguu mmoja wa meza yangu mwaka wa pili sasa, na meza haikuwa ikiyumba.

Nilikitoa, nikakipangusa, nikakisoma. Mambo yenyewe hayakuwa ya ajabu, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Kila siku robo saa, mama na mtoto, mtoto achague la kufanya, bila amri wala mawaidha. Akifanya jema hata dogo, asifiwe papo hapo kwa kulitaja lenyewe: umefunga mlango taratibu, ahsante. Makelele na vituko visivyoumiza mtu vipitwe kama havikuonekana. Akimuumiza mtu, akae mkekani dakika chache bila hotuba, zikiisha yameisha. Alhamisi iliyofuata tukawafundisha Mama Riziki na kaka yake, na Sista akaongeza jambo moja, akaniambia nilipigie mstari. "Itakuwa mbaya zaidi kabla haijawa nzuri. Hapo ndipo watu huacha. Mkiacha hapo, afadhali msingeanza."

Rashidi aliomba ruhusa kazini, akaja kijijini, akawakusanya watu baada ya swala ya Ijumaa. Alisema maneno machache. Mtoto ni wake. Aliyeumizwa, yeye mjomba ndiye atakayemwomba radhi, kwa mila. Na kuanzia leo, Riziki akifanya vituko, mtu asitoke nje, asicheke, asipige kelele, asitazame.

Bibi mmoja wa jirani akauliza, "Hata kuchungulia?"

"Hata kuchungulia, bibi."

Watu walinung'unika. Kwa kweli tulikuwa tunawanyang'anya tamasha la bure. Lakini mjomba alikuwa ameshasema, na waliotia vidole gumba kwenye ile karatasi wakakubali kungoja.

Wiki ya kwanza Riziki alishangaa. Wiki ya pili akapanda juu ya tangi la maji la shule, saa nne ya asubuhi, amebeba kikapu cha vibanio vya nguo vya mama yake, akaanza kuvirusha kimoja kimoja kwa kila aliyepita.

Siku ile sitaisahau maisha yangu. Kijiji kizima kilikuwa pale, na kijiji kizima hakikuona kitu. Wanawake walisalimiana upya, habari za nyumbani, habari za kuku, habari za hao kuku wengine. Wanaume walisoma sakafu ya mchanga. Kibanio kilimpata mwalimu mkuu kwenye upara, akasema, "Naona hali ya hewa inabadilika," akaendelea na safari. Rashidi alisimama chini kabisa ya tangi, amejitwika godoro kuukuu la hoteli, akifuata kila hatua ya mtoto huku uso umeelekea minazi, anapiga mluzi. Naibu wa chifu akapita kwa pikipiki, kibanio kikalia kwenye helmeti yake, akasimama akafungua mdomo. Kisha akaona watu arubaini wameinamisha vichwa. Akashuka, na yeye akainama.

"Mmepoteza nini?" akaninong'oneza.

"Tupo tu."

"Haya." Akaendelea kutafuta pamoja nasi.

Mama Riziki alikuwa kwenye kamba yake pembeni ya uwanja, anaanika mashuka. Nilikuwa kando yake. Shuka likamponyoka. Kule juu vibanio viliisha, kisha ikaja sauti ndogo.

"Mama? Hamnioni?"

Mama akanishika mkono, kucha zikaniingia. "Nimwite? Bi, niruhusu nimwite." Mimi nilitamani kumwita mwenyewe. Nilitamani kupanda tangi lile na buti zangu. Nikasema, "Bado. Ngoja afanye jema moja." Ni sentensi ngumu kuliko zote nilizowahi kusema kazini, na sikuwa na hakika nayo hata kidogo.

Riziki akashuka. Alishuka polepole, godoro likimfuata chini kwa chini. Akasimama katikati ya watu wasiomtazama. Akaangalia huku, akaangalia huku. Kisha akainama, labda kwa kuwa kila mtu alikuwa ameinama, akaokota kibanio. Akaokota kingine.

"Riziki," mama akaita. Akaokota shuka lililomponyoka. "Riziki, umeniokotea vibanio vyangu. Ahsante mwanangu. Nimepungukiwa hapa. Njoo tuanike."

Akaja. Wakaanika mashuka ya Diani yote, mama anashika ncha hii, mtoto ncha ile. Rashidi alilalia godoro lake akafunika uso kwa kofia. Nilisikia baadaye watu wakisema mjomba alilala usingizi. Hakuwa amelala.

Sitawadanganya kwamba ilikwisha siku ile. Alinuna, alirudi nyuma, alimng'ata binamu yake siku ya Idi akakaa mkekani na nguo mpya. Lakini mawe yalikoma. Nilikwenda kuwatembelea kila wiki, na katika wiki ya tano mama akanikaribisha ndani, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Ukutani palitundikwa kalenda ya duka. Kwenye siku nyingi za mwezi ule, katikati ya kila kisanduku, palikuwa na alama ya buluu: IMEIDHINISHWA.

"Sista alisema tuweke alama siku nzuri," mama akasema, macho chini. "Nyota za kubandika dukani hazipo. Riziki akanipeleka mwenyewe mahali alipouficha, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Jioni akifanya siku njema naupiga mimi, yeye anazungusha tarehe. Bi, siku nyingine anakaa karibu na kopo tangu alasiri, akingoja."

Riziki alikuwa mlangoni, ananitazama mikono.

Vijana, mnajua sheria. Ile ni mali ya serikali. Barua ilikuwa kabatini kwangu, ina sahihi, na Bwana Mutua aliniuliza kila Jumatatu. Nilichotakiwa ni kunyoosha mkono. Nikaisogelea kalenda, nikatazama zile alama za mwisho, nikaona zimefifia.

"Wino umekauka," nikasema.

Wiki iliyofuata nilipokwenda niliwapelekea kibati kipya cha wino. Kisha nikarudi ofisini, nikaandika ripoti kwa mkono wangu: upekuzi unaendelea. Niliandika hivyo miezi saba. Hilo ndilo la kukiri. Muhuri mpya ulipokuja hatimaye, kwa sababu mtu mmoja huko juu alichoka na barua zetu, Bwana Mutua alikuwa amehamishwa, na shule ilikuwa imempokea Riziki tena. Kesi niliifunga. Barua niliiacha kabatini, nyuma kabisa, mahali panapotaka mateke mawili.

Nilipostaafu, mwaka wa kumi toka wakati ule, mlinipa orodha ya makabidhiano, na mstari wa mwisho ulisema: muhuri wa tarehe, mmoja, haujulikani uliko. Mlicheka. Mlipokuwa mnakata keki aliingia msichana mrefu mwenye kopo la maziwa ya unga mkononi, mkadhani ni mteja, mkamwambia arudi kesho. Huyo ndiye Riziki. Anashona mapazia Ukunda, bado ana hasira za karibu, na ameposwa na mtu mvumilivu.

"Shikamoo, Bi. Nimesikia unaondoka. Nimeleta kitu chenu."

Nikampeleka kabatini, nikapiga teke mara mbili, nikampa ile barua kwa sababu ni yake. Aliisoma amesimama. Aliisoma tena.

"Hapa penye nukta," akasema, "ndipo ulipotakiwa muhuri?"

"Hapo hapo."

Akafungua kopo, akautoa, akauchovya wino, akaukandamiza penye nukta kwa nguvu zake zote. Alipouinua palikuwa na doa la buluu tu, duara tupu, hakuna herufi hata moja. Tukaugeuza tukautazama. Mpira ulikuwa laini kama kisigino. Mama yake alikuwa ameupiga mpaka maneno yakaisha.

Riziki alicheka kwanza, kisha akalia, kisha akauliza kama keki imebaki. Barua akaikunja akaitia mkobani. Mimi nikachukua orodha yenu, nikakata ule mstari wa mwisho, nikaandika juu yake: umepatikana, haufai tena kwa kazi ya serikali.